Vipimo vya maji Mtwapa vina mapengo: nitumie Fourier au viwimbi?

BintiTudor: Salaam wakuu. Nafanya utafiti wa kujaa na kupwa kwa maji kwenye hori la Mtwapa. Kihisi hurekodi kila dakika kumi, lakini betri hufa, mara saa chache, mara siku nzima. Kikizima, mlinzi wa gati hunisomea ubao wa vipimo na kuandika daftarini anapopata nafasi. Nimeshauriwa nizibe mapengo kwa mstari mnyoofu kisha niendeshe FFT (hesabu ya Fourier inayogawa rekodi katika mawimbi ya vipindi mbalimbali). Nikifanya hivyo, kilele cha saa 12.42, kipindi cha wimbi kuu la mwezi, kinafifia, na kwenye vipindi virefu vinaota vilima nisivyovielewa. Nataka pia kuona bamvua (maji makubwa) na maji mafu yanavyopokezana, na nimesikia viwimbi (wavelets), vinavyoonyesha wimbi linavyobadilika kadiri muda unavyopita, vinafaa. Nishaurini.

KomboKilindini: Dada, usizibe! Ndani ya pengo la siku nzima maji yamejaa na kupwa mara mbili, na mstari wako unasema bahari ililala. Hapo ndipo kilele kinapofia, na vilima vinazaliwa na huo mstari. FFT yadai nukta zenye nafasi sawa, nawe huna. Tumia Lomb-Scargle, hesabu ya kusaka vipindi isiyodai nafasi sawa (Lomb 1976, Scargle 1982). Wanaastronomia wanaitegemea sana kwa kuwa mawingu na mchana huwakatizia vipimo. Kila kipindi unachokijaribu, inatafuta wimbi linalokaa karibu zaidi na nukta zako kwa saa zake halisi. Ukitumia ile ya scipy (maktaba ya Python), zidisha masafa (mizunguko kwa saa) kwa 2π kwanza, la sivyo vilele vitakaa pasipo pake.

FundiMawimbi: Naongeza. Vipindi vya bahari vinajulikana, huna haja ya kuvisaka gizani. Chukua mawimbi yenye majina M2 (la mwezi, saa 12.42), S2 (la jua, 12.00), na yale ya karibu siku nzima, K1 (23.93) na O1 (25.82), utafute ukubwa na awamu (wakati wa kilele) ya kila moja kwa miraba midogo kabisa (least squares). Programu ya UTide inapokea saa zisizolingana. Ila kutenganisha vizuri M2 na S2 kwahitaji rekodi ya siku 14.77 au zaidi.

BintiTudor: Ahsanteni sana. Mlinzi hupima zaidi asubuhi, saa ile ile anapoingia zamu. Kuna madhara?

FundiMawimbi: Makubwa, kama ungekuwa na daftari peke yake. Ukipima kila baada ya saa 24, S2 yaonekana haisogei kabisa, na M2 inajigeuza wimbi la siku 14.77, muda ule ule wa kutoka bamvua hadi bamvua. Ungeapa umeona bamvua, kumbe ni ratiba ya zamu. Vipimo vya kihisi ndivyo vinavyokuokoa.

KomboKilindini: Kwa viwimbi, usichukue vile vya kawaida, navyo vyataka nafasi sawa. Soma njia ya Foster ya 1996, WWZ, aina ya viwimbi kwa vipimo visivyolingana, inayopima uzito wa kila eneo kwa nukta zilizomo. Ndani ya pengo picha bado itatoka na rangi zake, zifunike, usizisome.

Na kabla ya yote, kagua daftari. Mlinzi akiandika "saa 2" ana maana 08:00. Kihisi huenda kinaandika UTC, saa 3 nyuma yetu. Ukiingiza 02:00 saa za hapa badala ya 08:00, umekosea kwa saa 6, na nusu ya M2 ni saa 6.21: maji kujaa kwake yatakuwa kupwa kwako, na hakuna hesabu itakayokuonya. Muulize mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.