Re: Jumamosi tarehe 30, gari niliweke wapi?

Kutoka: Dada mgeni, Northland
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nina miezi mitatu hapa Columbus, nakaa karibu na Morse Road, na nimepata kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Ohio State. Jumamosi hii nimepangiwa zamu ya saa moja asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Leo mwenzangu kasikia, akaniambia, "Siku ya mechi? Pole yako," akacheka akaenda zake. Nikiuliza ni mechi gani, wananiangalia kana kwamba nimeuliza jua linachomozea wapi.

Naomba mnisaidie: gari niliweke wapi? Na huo mpira wenyewe una nini, maana kazini hakuna mazungumzo mengine. Nasikia msimu uliopita walichukua kombe. Nipeni angalau la kusema wakati wa chakula, nimechoka kutabasamu tu.

---

Kutoka: Dereva wa usiku
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Marhaba dada, karibu Ohio.

Kwanza gari. Jumamosi ni timu ya chuo cha Ohio State na ya chuo cha Texas, mpira wa Kimarekani ule wa kushika kwa mikono, unaanza saa sita mchana. Mechi hizi huchukua kama saa tatu na nusu, kwa hiyo utakuwa unavua glavu dakika ileile watu zaidi ya laki moja wanatoka uwanjani. Asubuhi usipite barabara ya 315, inapita ubavuni mwa uwanja. Njoo na I-71, na utoke nyumbani saa kumi na moja na nusu, kwa sababu mashabiki wenye majiko ya kuchomea nyama hufika kabla hakujapambazuka. Muulize msimamizi wako kesho, usingoje Ijumaa, ni gereji ipi ya kuegesha magari mtaachiwa wafanyakazi. Sehemu nyingi siku hiyo ni za mashabiki waliolipia, na gari lisilo na kibali linakokotwa. Ukimaliza zamu kaa kantini saa nzima unywe chai. Utafika nyumbani kabla ya aliyetoka mbio.

Sasa la kusema wakati wa chakula. Mimi napakia abiria jioni na wikiendi, na msimu ule nimeuona wote kwenye kioo cha ndani ya gari.

Fikiria Simba na Yanga, ila Yanga yao ni timu ya chuo cha Michigan. Kocha hapa anaitwa Ryan Day. Anaweza kushinda mechi kumi, akifungwa na Michigan watu wanataka arudishe funguo za ofisi. Na alikuwa ameshafungwa miaka mitatu mfululizo. Basi msimu wa 2024 timu ikasheheni: mrusha mpira Will Howard katoka Kansas State, mkimbiaji Quinshon Judkins katoka Ole Miss, yaani chuo cha Mississippi, na kijana wa mwaka wa kwanza, Jeremiah Smith, anayedaka kama kapaka ulimbo viganjani. Oktoba 12 wakapoteza kule Oregon, 32 kwa 31. Hiyo watu waliimeza.

Ya Novemba 30 haikumezeka. Michigan walikuja hapa wakiwa wameshafungwa mara tano msimu huo, hakuna aliyewapa nafasi, wakashinda 13 kwa 10. Mara ya nne mfululizo! Halafu wakataka kuisimika bendera yao katikati ya uwanja. Pakawaka. Ngumi, polisi, dawa ya pilipili machoni. Vyuo vyote viwili vikapigwa faini ya dola 100,000 kila kimoja.

Jioni ile nilipakia mzee mmoja na mkewe pale Lane Avenue mpaka Dublin, ile ya hapa Ohio. Njia nzima hakuna aliyefungua kinywa, hata redio mama aliniomba niizime. Waliposhuka nikakuta mkufu kitini, ule wa mbegu za mti wa buckeye, ambao timu ya Ohio State inaitwa kwa jina lake. Kama hujaziona: zinang'aa kama komwe za bao, ila kubwa zaidi, za kahawia iliyokolea, zenye doa jeupe kama jicho. Nikampigia mzee kupitia programu kumwambia kasahau mkufu. Akasema hakuusahau. Nikautundika kwenye kioo, na tangu hapo bakshishi imeongezeka, sikufichi.

Kilichowaokoa Ohio State ni utaratibu mpya. Zamani mtoano wa kitaifa ulikuwa wa timu nne, na kwa hesabu hiyo walikuwa nje. Mwaka ule ndio kwanza zikawa kumi na mbili, wakaingia wakiwa wa nane. Desemba 21 Tennessee wakaja hapahapa, usiku wa baridi kali, mashabiki wao wamevaa rangi ya machungwa mpaka nikadhani nimepotea mji. Robo ya kwanza tu ilikuwa 21 kwa 0, ikaisha 42 kwa 17. Mwaka Mpya, kwenye mechi ya Rose Bowl, wakakutana tena na Oregon waliokuwa hawajafungwa na mtu. Kabla ya mapumziko, 34 kwa 0. Ikaisha 41 kwa 21.

Halafu Texas, Januari 10, na hii ndiyo uikariri kwa ajili ya Jumamosi. Ohio State wanaongoza kwa pointi saba, Texas wamefika yadi moja tu kutoka mstari wa kufungia. Jaribio moja likawarudisha nyuma yadi saba. Jaribio la mwisho, Jack Sawyer, kijana wa hapa Pickerington, akampiga kumbo mrusha mpira wa Texas, mpira ukachomoka, akaudaka na kukimbia nao yadi 83 mpaka upande wa pili. 28 kwa 14. Na yule aliyenyang'anywa, Quinn Ewers, yeye na Sawyer waliwahi kulala chumba kimoja hapahapa chuoni! Nilikuwa na abiria wanne wanatazama kwenye simu, nikalazimika kuegesha pembeni maana gari lilikuwa linayumba.

Fainali ilikuwa Januari 20, Atlanta, dhidi ya Notre Dame. Wakaongoza 31 kwa 7, wakalegea, ikawa 31 kwa 23, mji mzima kimya. Howard akamtupia Smith mpira wa yadi 56, likafuata teke la pointi tatu. 34 kwa 23. Kombe la kwanza tangu msimu wa 2014, na kocha aliyetakiwa kufukuzwa Novemba akawa mtakatifu. Usiku ule sikuthubutu kuigusa High Street, barabara inayopita mbele ya chuo.

---

Kutoka: Mama wa Reynoldsburg
Jumanne, 26 Agosti 2025

Kaka Dereva, hebu na sisi wa Kenya tupe nafasi, kwetu ni Gor na Ingwe.

Mwanangu, mimi nikwambie la Novemba, kwa sababu hili hawatakwambia. Mwaka jana nilikuwa mgeni kama wewe, nafanya kazi jikoni kwa shule moja. Jina langu lina M mbili. Jumatatu moja naingia, nakuta kwenye kabati langu zile M zote mbili zimebandikwa X ya utepe mwekundu. Hapo moyo ulinishuka. Nikajua basi, hawanitaki. Nikajifungia chooni nikalia, nikampigia mume wangu nikamwambia leo ndiyo mwisho, tutafute kazi nyingine.

Natoka na macho mekundu, naona M ya neno la maziwa kwenye friji imekatwa. Ya ubao wa chakula imekatwa. Ya jina la mkubwa wetu mwenyewe imekatwa, naye anapita akipiga mluzi! Kumbe wiki ya Michigan herufi hiyo haitamkwi wala haiandikwi. Walipojua nimelia waliona haya, wakaniletea sahani ya peremende. Hizo ni siagi ya karanga iliyochovywa kwenye chokoleti, zinaitwa buckeye vilevile. Hizo ule. Zile mbegu za mkufu wa kaka Dereva zina sumu, usimwachie mtoto azitafune.

Na wiki hiyo bluu na njano, rangi za Michigan, ziache kabatini, hata kama ni kanga ya mamako.

---

Kutoka: Mwanafunzi wa uzamili
Jumanne, 26 Agosti 2025

Dada, mtu akikupigia kelele "O-H!" kwenye lifti, hajakutukana. Jibu "I-O!", mmalizie neno Ohio, na uendelee na safari yako.

Kaka Dereva kasimulia yote akasahau sheria. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukishika hilo, nusu ya mechi utaielewa. Na siku ukipata tiketi, mkoba uwe wa plastiki unaoonyesha ndani. Mimi nilirudishwa getini na begi langu la mgongoni, nikakosa bendi ikitembea na kujipanga mpaka ikaandika neno Ohio uwanjani, na wengi husema hiyo ni tamu kuliko mpira wenyewe.

---

Kutoka: Dada mgeni, Northland
Jumatano, 27 Agosti 2025

Asanteni sana. Leo wakati wa chakula nimesema tu, "Sawyer, yadi 83," meza nzima ikanigeukia. Mmoja kanionyesha video mara tatu.

Lakini gereji yetu inafungwa kwetu tangu usiku wa Ijumaa. Msimamizi anasema tuegeshe mbali tungoje basi la wafanyakazi, na hajui linaanza saa ngapi. Kuna mtu wa Northland anayeingia zamu hiyo tuchangie mafuta?

---

Kutoka: Dereva wa usiku
Jumatano, 27 Agosti 2025

Acha gari nyumbani. Saa kumi na moja na nusu niko mlangoni kwako, mafuta juu yangu. Kurudi jitegemee dada, saa tisa na nusu nitakuwa kazini.