Spana ya zamani uliyogoma kuitupa: tupeane uzoefu

Mkono wa Grisi
Wakuu, leo nilikuwa napanga boksi la spana nikakutana na spana ya ringi, ya milimita 17, iliyopinda katikati. Maandishi yamelika, limebaki neno "vanadium" nusu. Hiyo ndiyo niliyokabidhiwa nikiwa spana boi. Miezi mitatu sikugusa injini, kazi yangu ilikuwa kuosha spana kwa dizeli na kuzipanga kuanzia 6 hadi 32. Nilichukia sana. Leo nipe spana gizani, nitakwambia namba yake kwa kuipapasa. Haya, leteni zenu, na mseme ziliwafanya nini.

Nati Imeliwa
Mwenye spana yake ya 10 ya zamani, ile inayopotea kila siku, anyooshe mkono. Hayupo. Endeleeni.

Vidole Tisa
Umenitonesha, mkuu. Jina langu mmeshaliona.

Bolti ya springi, imeganda kwa kutu, na mimi nina spana mdomo ya 24 ambayo mdomo wake ulishatanuka kabla sijazaliwa. Kila mtu pale alijua haifai. Ila ndiyo iliyokuwa karibu. Nikaivalisha bomba la mita moja, nikajipinda chini ya gari, nikaanza kusukuma. Ikalia kidogo, nikajua inaachia. Kumbe inapanda pembe za nati. Ilipochomoka, mwili wote ukaenda nayo, kidole cha mwisho kikabanwa kati ya bomba na chesisi. Mlio wake ulikuwa kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Cha ajabu, kitu cha kwanza nilichotafuta ni spana imeangukia wapi. Mkono niliutazama baadaye.

Fundi alikuja, akanifunga kitambaa, akaniuliza swali moja tu: "Ulivuta au ulisukuma?"

Ile spana ninayo, imetundikwa ukutani. Hairuhusiwi kushuka.

Tindo Butu
Kuvuta daima. Ukikosa nafasi ya kuvuta, sukuma kwa kiganja kilicho wazi, usikunje ngumi.

Dada wa Injini
Mimi mtanicheka. Kifaa changu ni spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, kubwa, gurudumu lake la kurekebishia limelegea mpaka linazunguka lenyewe.

Nati Imeliwa
Kumbe ni wewe unayetutengenezea nati za mviringo!

Dada wa Injini
Nati wanazila wasiojua kuishika. Ibane mpaka isicheze, halafu igeuze ili nguvu ibebwe na taya lisilosogea. Mswidi Johan Petter Johansson aliichukulia hataza yake mwaka 1892 na bado inafanya kazi. Wewe una boksi zima la spana na 10 huna.

Nati Imeliwa
😂 Nimekoma, dada.

Robo Tatu
Wanaokula nati ni wale wanaochanganya inchi na milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiivalisha ya 13 inaingia, inacheza, kisha unalaumu bolti. Robo tatu ya inchi ni 19.05, kwa hiyo inavumiliana na 19. Na mkikuta spana za kizamani zenye herufi W (Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza), msishangae 3/8 yake kuwa na mdomo mpana. Namba ile inataja unene wa bolti, haitaji kichwa. Mimi nilizitupa seti nzima nikidhani zimeandikwa vibaya. Mpaka leo roho inaniuma.

Sauti ya Chini
Sijawahi kuandika hapa, nasoma tu. Hiyo ringi ya 17 imenitoa jasho.

Mimi niliiba. Ringi ya 14 ya fundi wangu, nyembamba, ilikuwa inaingia mahali ambapo nyingine hazipiti. Nilikuwa naondoka kwenda kujitegemea, nikaitia kwenye soksi. Kesho yake akafukuzwa mwenzangu, mdogo kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyehesabu spana jioni ile. Nilisikia nikanyamaza. Ni miaka 20 na kitu. Fundi yupo, ni mzee, macho yamepungua. Spana ninaitumia kila siku.

Mkono wa Grisi
Duh.

Vidole Tisa
Kidole changu kimesahaulika ghafla.

Tindo Butu
Irudishe kesho asubuhi. Mpe mkononi, sema ukweli, kaa kimya akutukane.

Robo Tatu
Mzee umsumbue moyo wa nini na miaka yote hiyo? Mnunulie seti mpya, yaishe.

Dada wa Injini
Seti mpya ya nini kwa mtu asiyeona tena? Tena ninyi wote mmeruka. Aliyefukuzwa ni yule kijana. Anayetafutwa kwanza ni yeye.

Nati Imeliwa
Na ukimpata, muulize kama ana 10 yangu.

Tindo Butu
Wewe kuna siku utatania msibani.

Mgeni Kazini
Shikamooni wakubwa. Samahani, nimeachiwa boksi la babu, spana zote zina kutu. Wengine wanasema nizichome moto kwanza?

Robo Tatu
Moto usiuguse! Chuma kinapoteza ugumu wake, spana itapinda kama waya. Loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha papo hapo, paka oili.

Tindo Butu
Siki ukiisahau siku nyingi inakula chuma chenyewe. Na tindo zake zikiwa na vichwa vilivyochanua kama uyoga, saga kingo hizo kabla hujapiga nyundo. Kipande kikiruka kinatafuta jicho.

Vidole Tisa
Dizeli na uvumilivu. Siki ni ya kachumbari.

Sauti ya Chini
Dada wa Injini, namba ya yule mwenzangu nimeipata kwa mtu. Inaita. Nimekata kabla hajapokea.

Dada wa Injini
Piga tena.

Mgeni Kazini
Siki au dizeli, wakubwa? Tayari nimeshatia vyote viwili.