Mliojifunza ufinyanzi wa gurudumu darasa la jioni, udongo ulianza kuwatii lini? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nimeanza darasa la ufinyanzi wa gurudumu, lile la wanaoanza kabisa, jioni moja kwa wiki nikitoka kazini. Naipenda kazi hii kwa dhati, ndiyo maana nauliza. Kinachonisumbua ni kuuweka udongo katikati. Mwalimu akiushika unatulia papo hapo: gurudumu linazunguka, udongo unaonekana kama umesimama. Nikiushika mimi unanisukuma viganja huku na huku. Nyie mliopita hapa, kilibadilika nini? Na huko mbele, kwenye kuinua kuta, kukausha na kuchoma, mlijifunza nini? Naomba mliyoyaona wenyewe, siyo ya kusikia.

Mchangiaji 1

Karibu kwenye udongo, mkuu. Kwangu jibu lilikuwa kiwiko. Mwalimu alinitazama kidogo, akaniambia nisogeze stuli mbele, niiname, nibane kiwiko cha kushoto juu ya paja, karibu na nyonga. Basi. Mkono ukaacha kuyumba kwa sababu sasa ulikuwa na uzito wa mwili mzima nyuma yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hupigani na udongo. Unaweka kiganja mahali pamoja, hakitikisiki, halafu gurudumu ndilo linaloleta udongo kwako. Kila mzunguko utasikia nundu ikikugonga kiganjani. Usiifuate. Tulia, itagonga kidogo, itagonga kidogo zaidi, mwisho huisikii tena. Mimi ni mwembamba, na darasani tulikuwa na vijana wenye misuli waliohangaika kuliko mimi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni suala la nguvu.

Halafu kasi. Wakati wa kuweka katikati, gurudumu liende mbio. Ukianza kufungua shimo na kuinua kuta, punguza, na kadiri kuta zinavyokuwa nyembamba punguza tena. Kuta zikizungushwa mbio zinakimbilia nje zenyewe, ulitaka kikombe unapata sahani. Na ukitoa mikono, itoe polepole. Ukiiachia ghafla, udongo unatoka tena katikati na kazi inaanza upya.

Mchangiaji 2

Nakazia hapo kwenye kutoa mikono polepole. Na kata kucha kabla ya darasa, zinachora ukuta kila ukigusa.

Mchangiaji 3

Mimi natumia mkono wa kushoto. Madarasa mengi huzungusha gurudumu kinyume cha saa, na maelekezo yote yamepangwa hivyo. Lakini magurudumu mengi ya umeme yana swichi ya kugeuza mwelekeo, na Japani wafinyanzi wengi huzungusha kufuata saa, kwa hiyo hakuna upande ulio sheria. Nimejaribu pande zote mbili nikabaki na ule wa darasa, maana kazi hii inahitaji mikono yote: mmoja ndani ya chombo, mwingine nje. Wenzangu wa kushoto, jaribuni mapema, chagueni mmoja, msibadilishe kila wiki.

Mchangiaji 4

Kabla hujalaumu mikono, angalia ulivyokanda. Bonge lenye sehemu ngumu na sehemu laini halitulii hata ubane viwiko vyote. Likate kwa waya uangalie ndani: ukiona vitundu vya hewa au mistari ya rangi tofauti, rudi mezani ukakande.

Mchangiaji 5

Ugumu wa darasa la jioni ni ile wiki inayopita katikati. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, lakini kuchonga kitako kunataka udongo uliokauka nusu: unabebeka bila kupoteza umbo, na ukucha bado unaacha alama. Ukikuta umeshakauka kabisa, hauchongeki tena vizuri. Kwa hiyo nafunika chombo kwa plastiki nikiondoka, tena nafunika vizuri mdomoni, kwa sababu mdomo hukauka kabla ya kitako. Vikombe vyenye mkono ndivyo vinavyotaka uangalizi zaidi. Mkono ni mwembamba, unakauka upesi, unasinyaa kabla ya kikombe, na ufa unatokea pale walipoungana.

Jambo lingine: ukishafungua shimo, gandamiza sakafu ya chombo kwa vidole, kutoka pembeni kwenda katikati na kurudi. Usipofanya hivyo ufa wa kujipinda unaweza kujitokeza hapo chini wakati wa kukauka au kuchomwa. Na usiache maji yatuame ndani, yanyonye kwa sponji.

Mwisho, fanya chombo kiwe kikubwa kuliko unavyokitaka. Udongo mwingi hupungua karibu sehemu moja ya kumi, au zaidi kidogo, hadi unapotoka tanurini mara ya mwisho.

Mchangiaji 6

Upande wa tanuri: kwetu mchomo wa kwanza ni karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na ule wa pili, baada ya kupaka glezi (ule mpako unaoyeyuka ukawa kama kioo juu ya chombo), unapita 1,200. Inategemea udongo na glezi yenyewe. Chombo kikiingia na unyevu, maji yanageuka mvuke ndani ya ukuta na kinapasuka vipande, pengine na kuharibu vya jirani. Mwalimu wetu alitufundisha kukiweka shavuni: kikiwa cha baridi kuliko hewa ya chumba, bado kina maji, kisubiri.

Glezi ni kioo, ikiyeyuka inagandisha chombo kwenye rafu ya tanuri. Futa kitako mpaka kiwe kitupu.

Mchangiaji 7

Naomba niongeze la afya. Msifagie vumbi kavu la udongo. Lina silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga, na kulivuta miaka na miaka kunaharibu mapafu. Futeni kwa sponji na maji, kila jioni, hata kama mmechoka.

Mleta mada

Nashukuru sana wote. Ndiyo kwanza natoka darasani. Nimesogeza stuli, nimebana kiwiko, na ile nundu nimeisikia ikiisha kiganjani! Nimefurahi mno. Sasa kuta: juu ni nyembamba, chini nzito, na chombo hakipandi. Nifanyeje?

Mchangiaji 1

Hongera! Kikate katikati kwa waya, kutoka mdomoni hadi kitakoni, uone ulipobaki udongo. Wengi tunaanza kubana juu kidogo ya kitako, tunauacha wote chini. Anza pale pale ukuta unapokutana na sahani ya gurudumu, kidole cha nje kiwe chini kidogo kuliko cha ndani, subiri uone udongo umevimba juu ya kidole, ndipo upande nao. Nusu ulizokata zirudishe kwenye ndoo, udongo ambao haujachomwa unakandika tena.