Eti "masikio yako ndiyo yanahitaji tyuni"! Leo yule fundi kanimaliza

Wakuu, naandika mikono ikinuka petroli na nina povu la kutosha kuoshea pikipiki tatu.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye bisibisi moja tu, mfuko wa nyuma, miaka yote hiyohiyo. Yule ambaye injini ikinguruma anafumba macho na kuinamisha kichwa kama anasikiliza mizimu. Simtaji, maana nikimtaja nusu yenu mtalia.

Kisa chenyewe: nimefunga eksozi ya wazi, na chujio la koni badala ya boksi la kiwandani. Nimefunga mwenyewe, vizuri tu. Pikipiki ikaanza tabia. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, mlio unapanda na kushuka wenyewe. Nikivuta mafuta ghafla inazubaa kama mtu aliyekumbushwa deni. Nikiachia, inapiga risasi huko nyuma mpaka mbwa wanahama mtaa. Nikachomoa plagi: nyeupe pee. Hata mimi nisiye fundi najua hapo hewa nyingi, mafuta kiduchu.

Nikampelekea. Akafungua kifuniko cha kabureta, pale hewa na mafuta vinapochanganyika, akatoa sindano ya kupimia mafuta, akahamisha klipu inayoishikilia juu. JUU! Eti "nakupandishia mafuta". Nikamwambia kwa heshima zote, fundi, klipu ikienda juu sindano inashuka, mafuta yanapungua. Akaniangalia. Akafumba macho. Akainamisha kichwa. Halafu mbele ya umati wote, pamoja na yule dogo anayejaza upepo, akasema:

"Injini haina shida. Masikio yako ndiyo yanahitaji tyuni."

Watu walicheka! Dogo alicheka mpaka akaachia mpira wa upepo ukawa unapiga miluzi peke yake.

Masikio YANGU. Kwani masikio yana jeti za kupitishia mafuta? Yana boya la kuzuia mafuta yasifurike? Na hakuishia hapo, akachomoa jeti ndogo, akaichokonoa kwa unyuzi wa waya wa breki. Kitundu cha sehemu ya milimita, anakichokonoa kama anatoa mwiba kwenye ng'ombe! Sasa kwenye sailensa inatoa moshi mweusi, na mkono wa mafuta ukifika katikati inakufa. Pikipiki moja, magonjwa mawili yasiyosalimiana. Lakini hayo ningesamehe. Masikio sisamehi. Dogo wa upepo, wakuu. Dogo wa upepo alinicheka.

Plagi Nyeusi: Pole sana, Masikio.

Resi Kidogo: Nimekaa paleee. Masikio endelea.

Mzee wa Choki: Kabla povu halijakauka, swali moja. Ulipofunga koni na eksozi ya wazi, jeti kubwa uliipandisha namba ngapi?

Mleta uzi: Namba ya nini?

Mzee wa Choki: Haya basi.

Plagi Nyeusi: 😂😂😂 Nimefunga mwenyewe, vizuri tu!

Mleta uzi: Jeti siyo mada. Mada ni masikio.

Mzee wa Choki: Mdogo wangu, umeipanulia hewa njia ya kuingia na ya kutokea, mafuta ukaacha yaleyale ya kiwandani. Plagi isiwe nyeupe kwa nini? Sailensa mpaka kama robo ya mkono ni kazi ya jeti ndogo na skrubu yake. Robo mpaka robo tatu, sindano. Kuanzia hapo mpaka mwisho ni jeti kubwa. Kwenye klipu ulikuwa sahihi, fundi kachemka. Ishushe, sindano ipande. Jeti iliyochokonolewa tupa, haina dawa, tundu likishapanuka ndiyo basi. Jeti kubwa panda hatua moja, kimbiza, zima injini hapohapo mkono ukiwa umevutwa, usiisubiri inguruma kwenye sailensa, kisha soma plagi. Unatafuta kahawia isiyokolea. Na ukague mpira wa manifodi, ule unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na mpasuko hewa inapenya, utatyuni mpaka uote mvi.

Resi Kidogo: Mzee umeongea vizuri, tatizo ni kama Masikio amesikia.

Mleta uzi: Asante mzee. Lakini alitakiwa aniambie hivyo fundi. Yeye akaniambia MASIKIO.

Klachi Nzito: Wewe una bahati, umetukanwa bure. Mimi huyohuyo aliibana skrubu ya hewa kwa nguvu zake zote mpaka ncha ikakatikia ndani ya kabureta. Nikamuuliza sasa itakuwaje? Akasema "sasa haitalegea tena". Nimesukuma pikipiki kwa miguu mpaka nyumbani nikitafakari jibu hilo.

Mama Kofia Ngumu: Alinirudishia boya bila kuliangalia limekaaje. Nimewasha, petroli inachuruzika kwenye buti langu. Namwonyesha, anasema ndiyo ujue mafuta yanafika.

Plagi Nyeusi: "Ndiyo ujue mafuta yanafika" 😂😂 Huyu mtu ni hazina ya taifa.

Nalala Mchana: Samahani, mimi sina pikipiki. Nina jirani mwenye eksozi ya wazi. Nafanya kazi usiku, nalala asubuhi. Kila asubuhi anapiga resi dakika kumi akitafuta sailensa. Dakika kumi! Leo ndiyo nimejua anatafuta nini. Mleta uzi, wewe siyo jirani yangu kweli?

Mleta uzi: Siyo mimi.

Nalala Mchana: Mbwa wa huku pia wamehama.

Klachi Nzito: Eksozi za wazi zinaokoa maisha, wenye magari wanatusikia.

Mama Kofia Ngumu: Wanakusikia ukiwa umeshawapita, mlio unaenda nyuma. Kinachookoa ni taa. Na tukigusa taa, kuna mtu anafunga taa za rangi ya bluu anazielekeza kwenye mboni zangu kila jioni. Huyo niachieni mimi.

Resi Kidogo: Taa za namna hiyo halafu betri ni ileile. Akisimama kwenye foleni zinafifia kama kibatari.

Klachi Nzito: Siyo betri, ni rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji.

Resi Kidogo: Ni betri.

Klachi Nzito: Umepima volti ngapi injini ikiwa imewaka?

Resi Kidogo: Nipime kwa nini wakati najua ni betri?

Mleta uzi: Jamani uzi huu ni wa kabureta.

Klachi Nzito: Isome volti kwenye ncha za betri, piga resi ya wastani. Ikibaki 12 haichajiwi, anza na rektifaya na koili za chaji. Ikipanda kwenye 14 hivi, hapo nakupa betri yako.

Mleta uzi: Nimerudi kwake kuchukua bisibisi yangu, kumbe ile anayotembea nayo ni YANGU. Dogo wa upepo kaniona kwa mbali akaanza kujishika masikio.

Plagi Nyeusi: Masikio, ile eksozi ya zamani bado unayo? Unaiuza?