Theluji iliyobaki mlimani mwezi Juni: inapimwaje kabla ya kufunga mizigo?

Dada wa Kent aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko mliko. Mimi, mume wangu na binamu yake tumepata likizo wiki ya mwisho ya Juni. Tunataka kubeba hema tuingie Mount Rainier, mlima wa hapa jimbo la Washington, Marekani, kipande cha Wonderland Trail, njia inayouzunguka mlima huo: tuanzie Fryingpan Creek, tulale Summerland, tuvuke Panhandle Gap, pengo la juu kati ya vilima, tulale Indian Bar, halafu tutokee Box Canyon. Kazini wananiambia Juni ni kiangazi, theluji imeisha. Kweli huku chini tunavaa kandambili, lakini mlima nikiutazama bado ni mweupe. Mnaojua, mtu anaipimaje theluji iliyobaki akiwa bado nyumbani?

Mzee wa Tacoma alijibu:

Marahaba binti yangu. Nitaandika kwa kirefu, maana hapa tunazungumzia usalama wenu watatu.

Kwanza weka kalenda pembeni. Wengi wetu tumekua tukijua theluji iko Kibo, juu kabisa. Huku, latitudo ya 47 kaskazini, mambo ni mengine. Paradise, pale Mount Rainier penye maegesho na hoteli, ni kama mita 1,650 tu juu ya usawa wa bahari, chini kuliko geti la Marangu. Hata hivyo, majira ya baridi ya 1971 hadi 1972 ilianguka hapo theluji ya inchi 1,122, zaidi ya mita 28. Na miaka haifanani. Mwaka 2011 baridi ilikawia kuondoka na njia za juu zilichelewa sana kufunguka. Mwaka 2015 majira ya baridi yalikuwa na joto, milimani ikanyesha mvua badala ya theluji, na katikati ya Mei gavana akatangaza dharura ya ukame jimbo zima. Kwa hiyo wawili wakikwambia walipita tarehe ileile, mmoja katikati ya maua na mwingine akizama hadi magotini, wote wanaweza kuwa wakweli.

Fungua takwimu za vituo vya SNOTEL vya Idara ya Kilimo ya Marekani. Ni mitambo inayojipimia yenyewe, na mmoja upo Paradise. Usisome kina cha theluji peke yake, soma kiasi cha maji kilichomo ndani yake. Theluji hujishindilia kadiri siku zinavyopita: kina kinashuka, watu wanafurahi, kumbe maji karibu yote bado yamo. Theluji ya Juni karibu nusu yake ni maji. Siku za kawaida za mwezi huo huyeyuka kama sentimita 3 za maji kwa siku. Jua likiwa kali inafika 5, na mawingu yakirudi inapungua sana. Tuseme tarehe 1 Juni kituo kinaonyesha sentimita 100 za maji. Gawanya kwa 3, unapata siku 33, yaani mwanzoni mwa Julai. Na hiyo ni pale kwenye kituo tu.

Hapo kwenye "kituo tu" ndipo ninapokuomba utulie. Kituo huwekwa mahali tambarare, kwenye uwazi wa msitu. Panhandle Gap iko karibu futi 6,800, yapata mita 500 juu ya kituo hicho, na upepo hurundika theluji upande mmoja wa vilima. Kituo kikisoma sifuri, huko juu unaweza kutembea saa nzima juu ya weupe, hata Agosti. Chukua ramani yenye mistari ya mwinuko, ifuate njia yote kwa kidole, na kila kipande ujiulize kinatazama wapi. Mteremko wa kusini na magharibi hupigwa na jua la mchana, hukauka mapema. Wa kaskazini na mashariki hubaki na theluji wiki kadhaa zaidi, hasa kwenye makorongo ambako maporomoko ya majira ya baridi yalimwaga mzigo wake.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kutafuta mwaka pacha. Kwenye mchoro wa kituo, tafuta mwaka uliopita ambao mstari wake kufikia leo unakaribiana na wa mwaka huu. Kisha soma taarifa ambazo wapandaji waliandika mwaka huo, tarehe zenu, kwenye tovuti ya Washington Trails Association, na uangalie picha zao. Ongeza picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo hupatikana bure na kupigwa upya kila baada ya siku 5 kama hakuna mawingu. Zinaonyesha vizuri sehemu za wazi, lakini theluji iliyo chini ya miti haionekani, kwa hiyo msitu wa kijani usikuhakikishie kitu.

Ukishajua theluji ipo, uliza: mteremko ni mkali kiasi gani, na mtu akiteleza ataishia wapi? Theluji ya tambarare ni uchovu tu. Ile inayokatiza njia ubavuni, chini yake kuna mawe au korongo, ndiyo inayoua. Asubuhi imeganda, inateleza. Alasiri imelainika, mguu unazama, na juu ya vijito inakuwa daraja lililoliwa na maji kwa chini. Vyuma vya meno vya kuvisha juu ya viatu vinasaidia penye mteremko mdogo. Penye mkali unahitaji shoka la barafu, na uwe umefundishwa kujizuia nalo. Kama hakuna kati yenu aliyefundishwa, msivuke Panhandle Gap Juni.

Kaka wa Denver aliandika:

Mzee amemaliza, naongeza mawili. Mito inayotoka kwenye barafu hujaa alasiri na jioni na hupungua alfajiri, kwa hiyo pangeni kuvuka mapema. Na kwa wenzetu wa Colorado, vumbi la jangwani likitua juu ya theluji huifanya nyeusi, inanyonya jua na kuyeyuka haraka. Kwa hiyo huku theluji inaweza kuisha kabla ya siku mlizopata kwa hesabu ya Mzee.

Dada wa Kent aliandika:

Asanteni sana. Nimegawanya, imefika katikati ya Julai, na mwaka pacha picha zote za Panhandle Gap wiki hiyo ni nyeupe tupu. Binamu hajawahi hata kukanyaga theluji. Likizo haisogei. Twende wapi?

Mzee wa Tacoma alijibu:

Nendeni bonde la Hoh, Hifadhi ya Olympic, jimbo hilihili. Njia inafuata mto ndani ya msitu wa mvua, na hadi Olympus Guard Station, maili 9 hivi, hampandi hata mita 300 juu ya bahari. Theluji hamtaikuta, mvua mnaweza kuikuta, bebeni makoti. Msiendelee hadi Glacier Meadows, huko ni juu na theluji hukaa. Kibali ombeni mapema. Na safari ya Panhandle Gap iombeeni kibali cha mwishoni mwa Agosti, kisha kabla ya kuondoka pigeni simu kwa askari wa hifadhi muulize kama madaraja ya magogo yapo, maana mafuriko huyachukua.