Kimo cha pembetatu yenye pande 13, 14 na 15 kinapatikanaje?

dada_mkubwa
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wa hesabu. Mdogo wangu kaja na swali, pembetatu ina kitako sm 14, pande zingine sm 13 na sm 15, anatakiwa atafute kimo. Kakata kitako katikati 7 na 7 afu kapiga Pythagoras, upande wa 13 kinatoka kipeuo cha pili cha 120, yaani kama 10.95, upande wa 15 kinatoka kipeuo cha 176, kama 13.27. Sasa kimo kimoja kinatoaje majibu mawili??

mwl_hesabu
Shida ipo hapo kwenye 7 na 7. Kimo kinaangukia katikati ya kitako pale tu pande mbili zikiwa sawa, mfano 10, 10 na kitako 12, unachukua 6, 100 toa 36 inabaki 64, kimo 8. Hii ya kwake pande hazilingani kwa hiyo kimo kinasogea upande wa ule mfupi. Asikisie, kipande kilicho chini ya 13 akiite x, kingine kitakuwa 14 − x, kimo ni kilekile:

169 − x² = 225 − (14 − x)²

Afungue mabano taratibu maana hapo ndo wengi wanaangukia, x² zinakufa pande zote inabaki 169 = 29 + 28x, x = 5. Basi 169 − 25 = 144, kimo sm 12. Ahakiki upande wa pili, 225 − 81 nayo 144.

fundi_paa
Sie tunaitumia kila siku kwenye kuezeka. Nyumba upana m 8, kenchi m 5 toka ukutani hadi kileleni, nusu ya upana 4, 25 toa 16, nguzo ya kati m 3. Ila kile kipande cha kenchi kinachotokeza nje ya ukuta usikihesabu, vijana wanapima mbao nzima afu nguzo inakuja ndefu haikai.

dada_mkubwa
Asanteni sana, 12 imekubali. Kuna ingine kitako 4, pande 13 na 15, x inatoka −5, ni sawa kweli?

mwl_hesabu
Sawa kabisa. Hiyo hasi maana yake pembetatu ina pembe butu, kimo kimeangukia nje ya kitako. Arefushe mstari wa kitako sm 5 upande wa ile 13, apandishie kimo hapo, atapata 5, 12, 13, na ile kubwa 9, 12, 15.