Seva ya mtaa wetu Kigoma: Raspberry Pi mpya au desktopu ndogo ya mtumba?

Mzazi wa Mwanga
Wakuu habari za jioni. Huku Mwanga wazazi tumekubaliana tuchange tuweke seva ndogo, yaani kompyuta ya kutunza masomo na kuyagawa kwa simu, nyumbani kwa jirani mmoja, watoto wakae barazani na simu zao wasome bila bando. Ndani tunataka Wikipedia ya Kiwix na masomo ya Kolibri, zote programu za kusoma bila intaneti, na mitihani ya zamani. Ubishi uko hapa: nusu wanataka Raspberry Pi mpya, ile kompyuta ya bodi moja ndogo, ya RAM GB 8, nusu wanataka zile desktopu ndogo za mtumba, Dell OptiPlex Micro au HP EliteDesk Mini. Hela ni ya watu, nataka sababu sio ushabiki.

Fundi Isevya
Niko Tabora, chukua Pi funga mjadala. Pi 4 inakula wati 5 hivi, ikiwaka usiku na mchana mwezi mzima ni kama yuniti 4 za luku, umeme wa kulipia kabla, haina feni, haina kelele. Hizo desktopu ni takataka za maofisi ya Ulaya wamechoka nazo. Ila watu wa Kigoma nawajua, kitu chakavu kwenu ndo lulu.

Kijana wa Gungu
We fundi hilo la mwisho ungemeza. Chakavu chetu ni meli ya Liemba, imejengwa Papenburg Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924, 1927 ikarudi kazini ikabeba babu zetu ikabeba na sisi. Sasa Pi yako mpya mfumo uko kwenye memori kadi, umeme ukikatika ghafla mara mbili tatu kadi imekufa na watoto wamekaa barazani wanaangaliana.

Fundi Isevya
Kadi nani kakuambia lazima? Pi 4 inawaka na SSD, yaani diski badala ya kadi, kupitia USB, jifunze kwanza. Na hiyo Liemba mbona ilipaki bandarini miaka?

Mama Ujiji
Ilipaki kwa matengenezo mwanangu, usiongee kitu hukijui. Sisi tumepanda ile meli mpaka Kasanga kusini mwa Ziwa Tanganyika na mizigo na watoto mgongoni, kule barabara ilikuwa hamna, ndo ilikuwa barabara yetu. Nyie Tabora mna nini cha miaka mia?

Mnyamwezi wa Cheyo
Shikamoo mama. Tuna shule aliyosoma Nyerere, na reli ilifika kwetu 1912, kwenu ikaja 1914 ikiwa imepita kwetu. Kwa heshima lakini.

Kijana wa Gungu
Imepita kwenu inakuja ziwani bro, safari ilikuwa ni ziwa, nyie mlikuwa njiani tu

Mnyamwezi wa Cheyo
Njiani?? Tabora mji wa misafara tangu enzi za pembe za ndovu unauita njiani, wewe hata historia ya Ujiji huijui maana misafara ya kwenda Ujiji ilikuwa inapumzika kwetu.

Dada Kasulu
Jamani mzazi kauliza seva. Mimi nimeweka hizi shuleni, nisikilizeni. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, kwa hiyo kadi ya GB 64 sahau, SSD lazima kokote uendako. Pi 5 chaja yake ni volti 5 ampia 5, ya simu haiitoshi. Wi-Fi ya ndani ya Pi haibebi watoto 30, tenga hela ya ruta. Desktopu ndogo yenye prosesa ya i5-6500T ile wati 35 ni makadirio ya prosesa ikifanya kazi ngumu, ikitulia mashine nzima iko kwenye 10 mpaka 15, chukulia yuniti 9 kwa mwezi. Na ikifa RAM au SSD fundi yeyote mjini anabadilisha, Pi RAM imegandishwa kwenye bodi, ikifa unaagiza nyingine Dar. Kwangu mtumba unashinda. Cha kukataa kabisa ni ile kasha kubwa ya mezani, wati 60 ni yuniti 43 kwa mwezi.

Fundi Isevya
Yuniti 9 unaziona ndogo? Huyo jirani kama yuko kwenye bei ya matumizi madogo, sh 100 kwa yuniti kabla ya kodi, mwisho wake ni yuniti 75 kwa mwezi. Akivuka akahamishwa anaenda kwenye sh 292 kwa yuniti. Friji, taa, tivii na seva yenu juu, mtamponza mtu wa watu.

Mzazi wa Mwanga
Hapo fundi umenishtua. Kwenye kikao tumepanga nani anachanga, luku ya kila mwezi hakuna aliyeitaja.

Mama Ujiji
Huyo jirani mmemuuliza lakini? Au mmeona baraza yake kubwa mkaamua?

Mzazi wa Mwanga
Alikubali mama, ila aliambiwa ni kamashine kadogo kasikokula umeme.

Mama Ujiji
Basi rudini mkamwambie yuniti, na luku ichangwe na wote wenye watoto kabla hamjanunua hata waya.

Kijana wa Gungu
Naunga mkono mama. Na Mnyamwezi bado nakusubiri kwenye hilo la misafara.